Mtalii wa Ndani ya Mtaro

Naandika haya nikiwa nimekalia upande mmoja. Upande wa pili nimeutazama kwa kioo mara moja tu, na inatosha: zambarau katikati, kijani kandokando, na manjano yanayoanza kuingia pembeni kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Leo ni siku ya nne.

Jumamosi, yapata saa tatu na robo asubuhi, ndani ya mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, mbele ya basi zima la wanafunzi wa shule ya msingi, nilishuka kwenye baiskeli bila kuisimamisha nikaingia mtaroni. Hapakuwa na nyati aliyenikimbiza. Ningekuwa na nyati, leo ningekuwa na hadithi. Hapakuwa na jiwe wala shimo. Palikuwa na barabara pana ya vumbi, kavu, yenye mteremko mdogo wa heshima, mbingu haina hata wingu la kusingizia, na mimi. Kabla vumbi halijatulia nikasikia dirisha la basi likisukumwa, kisha sauti nyembamba isiyo na chembe ya ubaya:

"Mwalimu! Mwalimu! Shosho ameanguka!"

Mimi si shosho wa mtu yeyote. Nilikuwa nimevaa helmeti, miwani ya jua na fulana ya rangi ya chungwa ambayo muuzaji aliniapia kuwa inaniondolea miaka kumi. Mtoto yule aliyaona yote hayo kwa nusu dakika, nikiwa miguu juu kichwa chini, akayapima, akatoa hukumu.

Mwalimu, Mungu amzidishie, alinitetea. "Usiseme shosho," akamkemea. "Huyo ni mtalii wa ndani."

Na ndani nilikuwa kweli. Kama futi tatu hivi.

Lakini niseme mapema jambo linaloniuma kuliko pale panaponiuma: baiskeli haikuanguka. Mimi nilienda kushoto, yenyewe ikayumba mara moja, ikajiweka sawa, ikaendelea na safari. Peke yake. Wima. Usukani ukijisahihisha kidogo huku, kidogo kule, kama mzee anayetembea akitafakari. Ilikwenda mwendo wa mabasi mawili hivi, ikapunguza kasi, ikasitasita, kisha ikajilaza taratibu kwenye kichaka cha leleshwa. Basi zima likapiga makofi. Nilikuwa mtaroni lakini masikio yalikuwa mazima, na nawahakikishia makofi yale hayakuwa yangu.

Baiskeli yenyewe nilikuwa nimeikodi saa moja kabla, pale kwenye njia panda barabara inapoachana na ziwa kuelekea langoni, ambapo baiskeli hupangwa kwa safu, zikiwa zimeoshwa na kutiwa mafuta tairi zing'ae, kama mbuzi wanaosubiri Idi. Kijana mwenye nazo alinichagulia moja. "Madam, hii ni mpya kabisa. Gia kumi na nane." Gia kumi na nane zilikuwepo kwa maana ya kwamba mtu angeweza kuzihesabu. Zilizokuwa zikiitika zilikuwa nne, na mbili kati ya hizo ziliitika kwa jina la mwenzake. Breki ya nyuma ilikuwa ya kuombea. Nikalipa, nikapanda, nikaambiwa niteremshe siti, nikakataa kwa sababu ya fulana.

"Ukipita pale Fischer's Tower," akaniambia kijana, "usiangalie nyuma."

Fischer's Tower ni nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake karibu tu na lango, mita 25 kwenda juu, kama kidole kinachoonya. Mzungu aliyepewa jiwe hilo ni Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kwenda Ziwa Victoria. Wamaasai wakamzuia, akarudi alikotoka. Lakini Wamaasai wana habari yao wenyewe ya jiwe lile. Ni binti, husema, aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Alionywa asigeuke nyuma. Akafika hapo, moyo ukamshinda, akageuka kuitazama manyatta ya kwao kwa mara ya mwisho, akawa jiwe.

Nilicheka. Nikamwambia kijana kwamba mimi nimekwisha kuolewa, na nyumbani nimeacha sinki lililojaa vyombo, kwa hiyo sina cha kugeukia.

Basi. Nikapita lango lenye jina la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson. Nikalipita jiwe. Sikugeuka, nililikata jicho tu, na pimbi waliojianika miguuni pake wakanikata jicho pia. Mbele yangu magenge mekundu yalikuwa yamefunguka kulia na kushoto kama mlango wa jumba, pundamilia wakila majani kando ya njia, na upepo ukipenya kwenye matundu ya helmeti. Nilianza hata kuimba. Ndipo nikasikia injini nyuma yangu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo kesi ilipo. Mimi huendesha baiskeli mjini. Mwendesha baiskeli wa mjini ana shingo ya bundi, na si kwa uzuri. Kinachokuja mbele yake anakiona. Kinachomuua hutokea nyuma. Kwa hiyo akisikia injini, shingo inageuka yenyewe kabla hajaiambia, kama mkono unavyoruka ukigusa sufuria la moto. Niligeuka mara ya kwanza, begani kulia: basi la shule, la manjano, mbali kidogo. Vizuri. Nikasogea kushoto lipite. Halikupita. Nikageuka mara ya pili: liko palepale, linakuja polepole, umbali uleule. Hapo mwili ukaanza kunisisimka. Kwa nini halipiti? Barabara nzima ni yake. Halipigi honi. Haliwashi taa. Halijanitukania mama. Katika miaka yote ya kuendesha sijawahi kufuatwa na basi lenye subira, na kitu usichokijua ndicho cha kuogopwa. Anapanga nini huyu?

Nikageuka mara ya tatu, na safari hii nikamtazama dereva usoni ili nijue nia yake. Alikuwa ametulia, mikono miwili kwenye usukani, akinisubiri nijipange. Alipoona namtazama akainua kidole kimoja, akaniamkia.

Adabu yake ndiyo iliyoniangusha.

Siku nne za kulala kifudifudi zina faida moja: mtu husoma. Nimesoma jinsi baiskeli inavyosimama na inavyopinda, na nimegundua kwamba nimekuwa nikifanya kitu tangu utotoni bila kukijua hata kidogo, kama yule mtu anayekula pilau kila Ijumaa akidhani rangi ile ni ya mchele.

Tuanze na kona. Mwulize yeyote namna ya kupinda kulia, atakwambia geuza usukani kulia. Si kweli. Ukiwa mwendoni ukaugeuza usukani kulia ghafla, magurudumu yatakimbilia kulia, lakini mwili wako haujaambiwa. Wenyewe utaendelea na safari yake ya zamani. Chini kumeondoka, juu kumebaki. Unaangukia kushoto. Ndiyo maana kila mwendesha baiskeli, hata mtoto wa miaka saba anayekwenda kununua mafuta ya taa, kabla ya kupinda kulia huusukuma usukani kushoto. Kidogo mno, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Magurudumu yanachepuka kushoto, mwili unalalia kulia, kisha usukani unarudi kulia kuudaka. Kila kona ya baiskeli huanza kwa uongo. Kama hamniamini, nendeni uwanja mtupu, fungueni viganja ili visishike kitu, mkiwa mwendoni msukume mpini wa kulia mbele kwa upole. Mkono unasukuma usukani kuelekea kushoto. Baiskeli itapinda kulia. Mara ya kwanza mtajihisi kama mmerogwa.

Sasa ongezeni shingo. Shingo haigeuki peke yake, ina jamaa. Ukitazama nyuma kwa bega la kulia, bega hilo nalo linarudi nyuma, linavuta mkono, mkono unavuta mpini, na usukani unageuka kulia ilhali wewe hujaamua kwenda popote. Yaliyobaki nimeshayaeleza: magurudumu kulia, mwili kushoto, na kushoto, katika nchi inayoendesha upande wa kushoto, ndiko serikali ilikochimba mtaro. Wanaojua huuondoa kabisa mkono wa kulia kwenye mpini kabla ya kutazama nyuma, wakauweka pajani, bega ligeuke likiwa halina cha kuvuta. Mimi nilikuwa nimeshika kwa nguvu zote. Kadiri unavyoogopa ndivyo unavyokaza, na kadiri unavyokaza ndivyo shingo inavyoendesha baiskeli.

Lakini lililoninyima usingizi ni lile jingine: ilikuwaje ikaendelea bila mimi? Kwa muda mrefu wataalamu walitoa sababu mbili. Ya kwanza, magurudumu yanayozunguka hukataa kulala, kama pia ya mtoto isiyoanguka maadamu inazunguka. Ya pili, foku ya mbele imeinamishwa hivi kwamba gurudumu hugusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa usukani, kwa hiyo hufuata, kama magurudumu ya toroli ya supamaketi yanavyojigeuza kufuata unakoisukuma. Sababu nzuri zote. Kisha mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, wakatengeneza kibaiskeli cha ajabu: wakaweka magurudumu mengine yanayozunguka kinyumenyume ili kuifuta ile nguvu ya pia, na gurudumu la mbele wakalifanya liguse ardhi mbele kidogo ya mstari badala ya nyuma. Hakuna pia, hakuna toroli. Wakakisukuma. Kikaenda. Wakakipiga kofi ubavuni. Kikayumba, kikajiweka sawa, kikaendelea.

Siri, kwa kadiri ninavyoielewa nikiwa na barafu mgongoni, ni hii. Baiskeli nzuri, kwa jinsi uzito wake ulivyogawanywa na umbo lake lilivyo, ikianza kuangukia kushoto, usukani wake hujigeuza kushoto bila kuambiwa, magurudumu yakakimbilia huko na kurudi chini ya mwili. Ikiangukia kulia, vivyo hivyo kulia. Haisimami, basi. Inaanguka saa zote na kujidaka saa zote, mradi iwe na mwendo wa kutosha. Wahenga waliposema mwenda pole hajikwai hawakuwa na baiskeli: ni ikienda pole ndipo hujikwaa. Na kitu kimoja tu kinaweza kuuzuia usukani usijigeuze wakati wake, nacho ni mtu aliyeukamata kwa mikono miwili akiwa anatazama kwingine.

Kwa hiyo, kisayansi, Jumamosi palikuwa na chombo kizima na hitilafu moja. Chombo kilipotema hitilafu, kikapona. Watoto walipiga makofi wakiwa na haki.

Mtaroni nilikaa kwa muda usiopungua somo zima, kwa sababu mwalimu hakuwa mtu wa kupoteza fursa. Dereva alishuka kuniuliza kama nimevunjika, nikamwambia hapana, naomba nipumzike kidogo, akanipa pole na chupa ya maji, akarudi kusimama mlangoni mwa basi kwa wasiwasi wa mtu anayejua atasingiziwa. Juu yangu madirisha yote yakafunguliwa na somo likaendelea, nikalipata bure, nikiwa nimelala juu ya majivu ya volkano laini kama unga.

"Lile jiwe tulilopita ni nini?" mwalimu akauliza.

"Fischer's Tower!"

"Ni sehemu gani ya volkano?"

Kimya. Kisha akawaeleza. Lava inapopanda ndani ya mlima hupitia kooni. Volkano ikizimika, ile iliyobaki kooni hugandia humo na kuwa ngumu kuliko mlima wenyewe. Mvua na upepo vinautafuna mlima kwa maelfu ya miaka mpaka unakwisha, koo linabaki limesimama peke yake. "Ndiyo sababu jiwe kama hilo," akasema, akilitamka neno pole ili waandike, "huitwa shingo."

Shingo. Nilicheka mtaroni peke yangu mpaka mbavu zikanikataza. Binti aligeuza shingo, akawa shingo. Fischer alirudi nyuma, shingo ikapewa jina lake. Mimi niligeuza shingo, nikaitwa shosho.

Kisha mtoto mmoja, nadhani ni yuleyule wangu, akauliza swali ambalo hata mimi sikuwahi kujiuliza: "Mwalimu, na mto uko wapi?"

Swali zuri kuliko darasa zima. Maana ukisimama Hell's Gate unaona kazi ya mto: kuta za mwamba pande mbili, sakafu katikati, mikunjo, na mbele kabisa lile korongo jembamba la Ol Njorowa lenye kuta zilizolambwa mpaka zikawa laini. Kazi ipo, mfanyakazi hayupo. Mwalimu akaeleza kwamba zamani sana, mvua zilipokuwa nyingi, Ziwa Naivasha lilijaa mpaka likamwagika upande wa kusini, na maji hayo ndiyo yaliyolikata korongo. Mvua zikapungua, ziwa likashuka, likauacha mlango wake juu na kavu. Leo hakuna mto hata mmoja unaotoka ziwani humo kwa juu. Na bado maji yake si ya chumvi, akaongeza, ingawa maziwa mengi ya Bonde la Ufa yasiyo na pa kutokea ni machungu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu yanatoka chinichini. Yanavuja ardhini, huku na huko, bila kuaga.

Nilitamani kuinua mkono. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiomba tangu mwanzo wa kipindi: njia ya kutokea chinichini bila kuaga.

Mwishowe basi likaondoka, polepole, likipita mbali nami kama mtu anayepita kitanda cha mgonjwa. Nikaiendea baiskeli kwenye leleshwa. Ilikuwa haina hata mkwaruzo, isipokuwa kwenye mpini wa kushoto, mahali nilipoing'ang'ania tulipokuwa tukiachana.

Yaliyofuata siyatilii chumvi, na hayana haja. Cheni ilitoka mara tatu. Mwiba wa mgunga ulipita tairi, tyubu na nia yangu njema. Ngiri na wanawe wanne walivuka mbele yangu mikia juu kama antena, wakaniacha nikishika breki ya kuombea. Nyani alifungua zipu ya mkoba wangu kwa ustadi ambao mimi mwenye mkoba sina, akachukua mandazi, akaacha ndizi. Na korongoni penyewe, kilomita karibu nane kutoka langoni, nilikuta mawingu yamejikusanya juu ya vilima vya mbali, na kijana wa Kimaasai anayeongoza wageni akatikisa kichwa: leo hatushuki.

Kwa hilo sikulalamika, na siwezi kulifanyia mzaha. Mto ulioondoka haukuondoka wote. Mvua ikinyesha mbali, mahali usipopaona, maji hukumbuka njia yake ya kale na kuja yote kwa pamoja kati ya zile kuta laini, na juu yako mbingu ni buluu. Mwaka 2012 mafuriko kama hayo yaliua vijana waliokuja kutembea humo, na mwaka 2019 yakaua tena. Nilikaa juu ya jiwe nikala ndizi, nikitazama moshi wa Olkaria ng'ambo. Si moshi, ni mvuke. Kule hutoboa ardhi na kuzungushia mashine za umeme kwa joto lake. Walianza mwaka 1981. Mabomba ya mvuke huo yanapita vilimani, na kila baada ya hatua kadhaa bomba linajikunja, linapanda, linavuka, linashuka, kama mlango usio na ukuta. Nilidhani ni mapambo. Kumbe chuma kikipata joto hurefuka, na bomba lililonyooka moja kwa moja lingejipasua. Ile kona ni nafasi limeachiwa ili likitaka kurefuka lirefuke.

Na hapo, nikiwa na ganda la ndizi mkononi, hasira ikanipanda ghafla. Katika nchi hii hata bomba limefikiriwa. Kuna mhandisi aliyekaa akajiuliza: hili likibanwa litafanyaje? Akaliachia nafasi. Mimi, ninapotoka nyumbani asubuhi na baiskeli, nimeachiwa ukingo wa lami ulioliwa na mvua, upana wa kitabu cha hesabu. Palipojengwa njia ya baiskeli utaikuta imeanikwa mitumba, imewekewa jiko la mahindi, imeegeshwa gari la mtu mwenye haraka. Niiachie hiyo, wenye mitumba nao hawakuachiwa nafasi. Lakini basi likikukaribia na kukuwekea kioo chake sikioni, si kwamba dereva hakukuona. Amekuona. Amekukadiria, kama yule mtoto, akatoa hukumu: mtu wa baiskeli. Na kwetu mtu wa baiskeli ni mtu ambaye bado hajafanikiwa kununua kitu kingine. Ni mwuza maziwa, ni mwenye mikate, ni mlinzi anayerudi zamu ya usiku. Akigongwa, taarifa husema "aligongwa akiwa njiani kwenda kazini", kana kwamba amegongwa na hali ya hewa.

Hell's Gate ina nyati. Ina chui. Na ndiyo sehemu pekee katika mwaka mzima ambapo gari limenifuata nyuma kwa heshima. Tunaiita Lango la Jehanamu, na sijui ni nani aliyetuambia jehanamu ni upande ule wenye pundamilia. Lango lolote lina pande mbili.

Kurudi kulikuwa kupanda. Hili hakuna anayekwambia unapokuja ukiimba: mteremko ni mkopo, na riba yake hulipwa jioni. Gia zangu nne zikawa mbili, kisha ikawa moja ya kusukuma kwa mikono, nikitembea kando ya baiskeli iliyokwisha kuonyesha kwamba hainihitaji. Karibu na jiwe la binti basi la manjano likanikuta, likitoka. Nilisikia injini. Nikakaza shingo mbele kama askari wa gwaride. Likapita mbali, polepole, madirisha yote wazi.

"Bye, shosho!"

Nikapunga mkono. Nilikuwa nimeshazoea.

Pale njia panda kijana alizunguka baiskeli yake mara mbili, akauona mkwaruzo wa mpini, akautaja kwa shilingi mia tano. Nikamwambia baiskeli ilikuwa nao. Akanitazama vumbi la mgongoni, majani ya leleshwa kwenye helmeti, nami nikijaribu kusimama kama mtu asiyeumwa.

"Madam," akasema kwa huruma, "si nilikwambia usiangalie nyuma?"

Nililipa. Kisha nikasimama kando ya barabara kubwa izungukayo ziwa, nikisubiri matatu, na zamu ya mashamba ya maua ilikuwa imetoka. Walikuja kwa makumi, wanaume na wanawake, kwenye zile baiskeli nyeusi nzito za Black Mamba zisizo na gia hata moja, mmoja amebeba kuni, mwingine mke na mtoto, na malori ya maua yakiwapita karibu mno kiasi cha kuwapeperushia sketi na makoti. Hakuna aliyegeuka. Nilidhani ni ushujaa, mpaka mmoja aliposimama karibu nami kukaza mpira wa keria. Kwenye usukani wake alikuwa amefunga kwa kamba ya tyubu kioo kidogo cha kujitazamia, kile cha kuuzwa kwenye kibanda, chenye ukingo wa plastiki nyekundu.

"Cha magari?" nikamwuliza.

"Cha magari, mama," akajibu bila kuinua kichwa. "Shingo niliiacha zamani."

Jana nilituma mtoto wa jirani dukani. Nimekifunga upande wa kulia, kwa kamba ya tyubu, nikapanda baiskeli yangu pale uani bila kuketi, kukijaribu. Mwanzoni kilinionyesha uso wangu tu, na lazima nikiri kwamba yule mtoto wa basi hakukosea sana. Nikakiinamisha kidogo. Uso ukaondoka, lango likapita, barabara ikaingia, na mwisho wa barabara, inaongezeka ukubwa, matatu.